Protini za Kingamwili Zinapozidi Katika Damu: Sababu Zake na Hatua za Kuchukua

Na Mwandishi Wetu, Nalasi – Tunduru

Wananchi wa Nalasi na maeneo mengine ya Wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma, wanaopimwa damu na kuelezwa kuwa protini za kingamwili zimezidi kiwango cha kawaida, wanapaswa kufahamu kwamba majibu hayo si jina la ugonjwa. Ni ishara kuwa kinga ya mwili imeamshwa na jambo fulani, na kazi inayofuata ni kulitafuta jambo hilo.

Mara nyingi sababu huwa ni maambukizi ya muda mrefu ambayo dawa zake zinapatikana nchini. Wakati mwingine sababu huwa kwenye ini, au ni maradhi yanayoifanya kinga iushambulie mwili wenyewe. Mara chache zaidi huwa ni saratani ya chembe zinazotengeneza kingamwili. Saratani hiyo huanza kwa maumivu ya mgongo na uchovu, dalili ambazo mtu wa umri mkubwa huzichukulia kuwa ni uzee, kazi za shamba au malaria isiyokwisha.

Makala haya yanaeleza maana ya majibu hayo, sababu zinazoyaleta na njia anayopaswa kuifuata mwananchi, ili asiingiwe na hofu isiyo na msingi wala asipuuze jambo lenye uzito.

Kingamwili na kazi yake

Kingamwili ni protini zinazotengenezwa na mwili ili kuvitambua na kuvidhibiti vimelea vya maradhi. Hutengenezwa na seli za plazma, ambazo ni aina ya chembe nyeupe zinazopatikana zaidi kwenye uloto, yaani uboho wa mifupa, na pia kwenye bandama na tezi. Kila ukoo wa seli hizo hutengeneza kingamwili ya umbo moja tu, inayolenga kitu kimoja. Mtu mwenye afya ana koo nyingi mno za seli hizo, na ndiyo maana damu yake huwa na mchanganyiko wa kingamwili za kila namna.

Kingamwili zimegawanyika katika aina tano, ambazo kwenye karatasi ya majibu huandikwa IgG, IgA, IgM, IgE na IgD. IgG ndiyo nyingi kuliko zote, ikiwa takribani robo tatu ya kingamwili zilizomo kwenye damu. IgM hutangulia kutengenezwa maambukizi mapya yanapoingia. IgA hulinda zaidi njia ya chakula na ya hewa. IgE huhusika na minyoo pamoja na mzio, na kiasi chake ni kidogo sana hata inapopanda.

Ujuzi huu una historia ndefu. Mwaka 1937 mwanasayansi wa Sweden, Arne Tiselius, alionesha namna ya kuzitenganisha protini za damu kwa kutumia umeme. Miaka miwili baadaye, akishirikiana na Elvin Kabat wa Marekani, alionesha kuwa kingamwili zimo katika kundi la protini liitwalo gamaglobulini. Tiselius alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1948, na njia aliyoianzisha ndiyo msingi wa kipimo kinachotumika hadi leo.

Namna ya kuielewa karatasi ya majibu

Katika hospitali nyingi, dokezo la kwanza hutokana na kipimo cha kawaida cha kemia ya damu. Kipimo hicho hutoa namba mbili muhimu: protini jumla na albumini. Kwa mtu mzima, protini jumla huwa kati ya gramu 60 na 80 kwa lita moja ya damu, na albumini huwa kati ya gramu 35 na 50. Ukiitoa albumini kwenye protini jumla, kinachobaki ni globulini, na kingamwili ni sehemu kubwa ya globulini hizo. Maabara zinatofautiana kidogo katika viwango vyake vya rejea, hivyo namba zilizochapishwa kwenye karatasi ya maabara husika ndizo za kufuatwa.

Mfano wa kwanza ni wa mtu mwenye protini jumla ya gramu 88 na albumini ya gramu 54. Globulini zake ni gramu 34, kiasi ambacho ni cha kawaida. Mtu huyu yaelekea amepungukiwa maji mwilini kwa kuhara, kutapika au kufanya kazi juani bila kunywa maji, na damu yake imekuwa nzito. Akinywa maji ya kutosha na kupimwa tena, namba hushuka.

Mfano wa pili ni wa mtu mwenye protini jumla ya gramu 92 na albumini ya gramu 33. Globulini zake ni gramu 59, nazo zimezidi kwa kiwango kikubwa. Hapa maji hayawezi kuwa maelezo, kwa sababu albumini imeshuka badala ya kupanda. Ni lazima sababu itafutwe.

Pale ambapo kipimo cha albumini hakipo, kipo kipimo cha siku nyingi na cha gharama ndogo kinachoweza kutoa dokezo, nacho ni kasi ya kuzama kwa chembe nyekundu, kinachoandikwa ESR. Kingamwili zikiwa nyingi, chembe nyekundu hushikamana kama sarafu zilizopangwa na kuzama upesi. Kipimo hiki hakitaji ugonjwa, ila humwambia mtaalamu kuwa liko jambo la kufuatiliwa.

Ongezeko la koo nyingi na ongezeko la ukoo mmoja

Swali la kwanza ambalo daktari hujiuliza baada ya kuthibitisha ongezeko ni hili: je, zimeongezeka kingamwili za koo nyingi kwa pamoja, au ni za ukoo mmoja pekee? Jibu hupatikana kwa kipimo cha kuzitenganisha protini kwa umeme, kiitwacho elektroforesisi. Mashine huchora mstari unaopanda na kushuka. Koo nyingi zikiwa zimeongezeka, mstari huchora kilima kipana. Ukiwa umeongezeka ukoo mmoja, mstari huchora mnara mwembamba uliochongoka.

Kilima kipana maana yake ni kuwa mwili unapambana na kitu kwa nguvu zake zote, na sababu zake kuu ni maambukizi, maradhi ya ini na maradhi ya kinga kuushambulia mwili. Mnara mwembamba maana yake ni kuwa ukoo mmoja wa seli umezaliana kupita kiasi na kuzimwaga protini zake kwenye damu. Mnara huo si lazima uwe saratani, lakini haupaswi kuachwa bila kuelezwa.

Maambukizi ya muda mrefu

Katika maeneo yenye malaria, watu wazima huwa na IgG nyingi kuliko watu wanaoishi katika nchi zisizo na ugonjwa huo. Hali hiyo ilichunguzwa kwa makini nchini Gambia na watafiti Sydney Cohen, Ian McGregor na S. Carrington. Mwaka 1961 walichapisha matokeo yaliyoonesha kuwa IgG iliyotolewa kwenye damu ya watu wazima wa Gambia na kupewa watoto waliokuwa wakiugua malaria ilipunguza vimelea katika damu ya watoto hao. Mwaka 1963 walichapisha matokeo ya kutumia kingamwili za watu wa Afrika Magharibi kuwatibu wagonjwa wa malaria wa Afrika Mashariki.

Utafiti huo una somo la moja kwa moja kwa mwananchi wa Ruvuma. Sehemu ya kingamwili nyingi alizonazo mtu mzima aliyekulia eneo la malaria ni kumbukumbu ya mapambano ya miaka mingi, nayo humsaidia. Kwa sababu hiyo, ongezeko dogo kwa mtu asiye na dalili yoyote halipaswi kumtia hofu, hasa pale viwango vya rejea vilivyotumika vimetokana na vipimo vya watu wa nchi zisizo na malaria.

Hata hivyo, kwa watu wachache malaria ya mara kwa mara huleta hali isiyo ya kawaida. IgM hupanda sana, bandama huvimba hadi kufika kitovuni au chini yake, na mgonjwa hupungukiwa damu. Hali hii ilichunguzwa katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, nchini Uganda, katika miaka ya 1960. Mgonjwa wa aina hii anaweza kupimwa malaria na vimelea visionekane. Matibabu yake ni dawa za kuzuia malaria zinazotumiwa kwa muda mrefu chini ya usimamizi wa daktari, na bandama hupungua taratibu.

Minyoo na maradhi yanayofanana nayo ni sababu nyingine. Wilaya ya Tunduru ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yanayofahamika kuwa na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji yaendayo kasi. Usubi, kichocho, matende na safura hupandisha IgE, na baadhi yake hupandisha pia IgG. Ikumbukwe kuwa kiasi cha IgE ni kidogo mno kuweza kuiongeza protini jumla. Mgonjwa wa minyoo anaweza kuwa na IgE ya juu sana huku protini jumla ikiwa ya kawaida. Kinachomwongoza mtaalamu ni kuongezeka kwa chembe nyeupe ziitwazo eosinofili, pamoja na vipimo vya choo, mkojo au ngozi.

Dawa za maradhi haya hutolewa kwa utaratibu wa Serikali. Ivamektini kwa ajili ya usubi hugawiwa na wagawa dawa wa jamii, na kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa dawa hiyo bila malipo tangu ilipotangaza azma hiyo mwaka 1987. Prazikwanteli hutibu kichocho, na albendazoli hutibu minyoo ya tumbo. Mwananchi anayeruka mzunguko wa ugawaji huendelea kubeba vimelea na kuwaambukiza wenzake.

Kifua kikuu huichokoza kinga kwa miezi mingi, na kingamwili hupanda pamoja nacho. Tunduru ni wilaya yenye historia ya uchimbaji wa vito, na vumbi la mawe huongeza hatari ya ugonjwa huo kwa wachimbaji. Vumbi hilo, likikaa kwenye mapafu na kuyaharibu, nalo huweza kupandisha kingamwili hata bila kifua kikuu. Mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, kutokwa jasho usiku na kupungua uzito anapaswa kupimwa makohozi. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo.

Virusi vya Ukimwi (VVU) navyo hupandisha kingamwili, hasa IgG, kwa sababu huzichochea seli za kinga bila mpangilio. Ndiyo maana upimaji wa VVU ni hatua ya mapema katika kuitafuta sababu. Mtu anayegundulika na kuanza dawa za kufubaza virusi mapema, kiwango chake cha kingamwili hushuka kadiri virusi vinavyodhibitiwa. Wakati huohuo, jamii ielewe kuwa kingamwili za juu peke yake si uthibitisho wa VVU. Kumhukumu mtu kwa namba ya protini ni kumdhulumu.

Yapo pia maambukizi mawili yanayopandisha kingamwili kuliko karibu yote mengine. Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, hupandisha sana IgM. Kalaazari, inayopatikana katika maeneo makavu ya Kenya kama Baringo na Turkana, na Karamoja nchini Uganda, hupandisha sana IgG, huvimbisha bandama na kupunguza damu. Mwananchi aliyeishi au kusafiri katika maeneo yenye maradhi hayo, au aliyefanya kazi kwenye mapori yenye mbung'o, amweleze daktari safari zake. Taarifa hiyo moja huweza kufupisha uchunguzi wa wiki nyingi.

Ini linaposhindwa kazi yake

Ini huchuja vitu vinavyotoka tumboni kabla havijaingia kwenye mzunguko wa damu. Likiwa limeharibika na kuwa na makovu, vitu hivyo huponyoka, huikuta kinga ya mwili na kuichochea. Wakati huohuo ini hushindwa kutengeneza albumini ya kutosha. Matokeo yake ni globulini kupanda na albumini kushuka, sura inayofahamika sana kwa madaktari.

Sababu za kuharibika kwa ini ni pamoja na homa ya ini aina ya B na C, unywaji wa pombe kupita kiasi ikiwemo gongo, na kichocho cha tumbo kinachoathiri mishipa ya ini. Kwa wanywaji wa pombe, IgA ndiyo hupanda zaidi. Homa ya ini aina ya B huzuilika kwa chanjo, ambayo watoto huipata ndani ya chanjo ya pentavalenti katika ratiba ya kawaida ya chanjo. Dalili za kuangaliwa ni macho kuwa ya manjano, tumbo kujaa maji, miguu kuvimba na kutapika damu.

Kinga inapoushambulia mwili

Katika maradhi kama lupasi na baridi yabisi, kinga huuona mwili kuwa adui na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Lupasi huwapata zaidi wanawake wa umri wa kuzaa, na dalili zake ni maumivu ya viungo, vipele usoni vinavyozidi juani, vidonda vya mdomoni, nywele kunyonyoka na maradhi ya figo. Kwa kuwa huanza kwa homa na uchovu, wagonjwa wengi hutibiwa malaria mara kadhaa kabla ya kugundulika. Selimundu nayo huweza kuambatana na IgG ya juu, kwa sababu wagonjwa wake hupata maambukizi ya mara kwa mara.

Mnara mwembamba: kutoka hali tulivu hadi mieloma

Ukoo mmoja wa seli za plazma unapozidi, hatua ya mwanzo kabisa huwa haina dalili. Mtu hujisikia mzima, na mnara mdogo huonekana kwa bahati tu. Hali hii huongezeka kadiri umri unavyosonga. Nchini Marekani, katika jimbo la Minnesota, ilionekana kwa takribani asilimia 3 ya watu wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Nchini Ghana, utafiti wa wanaume 917 wenye umri wa miaka 50 hadi 74, uliochapishwa mwaka 2007, uliikuta kwa asilimia 5.8 kati yao, karibu mara mbili ya kiwango cha wanaume wa Minnesota.

Watu hawa hawahitaji dawa. Wanahitaji kufuatiliwa, kwa kuwa takribani mtu mmoja kati ya 100 kila mwaka huingia katika ugonjwa kamili. Ugonjwa huo mara nyingi ni mieloma, saratani ya seli za plazma kwenye uloto.

Mieloma ina dalili kuu nne. Ya kwanza ni maumivu ya mifupa, hasa mgongo na mbavu, yasiyoisha kwa mapumziko, na wakati mwingine mfupa kuvunjika bila kuanguka kwa kishindo. Ya pili ni upungufu wa damu. Ya tatu ni figo kushindwa kufanya kazi. Ya nne ni kalsiamu kuzidi kwenye damu, jambo linaloleta kiu, choo kigumu na kuchanganyikiwa. Huongezeka kwayo maambukizi ya mara kwa mara kama nimonia.

Chukulia mfano wa mkulima wa korosho mwenye umri wa miaka 62 anayelalamikia mgongo kwa miezi mitano. Kila akiumwa hununua vidonge vya maumivu kama diklofenaki kwenye duka la dawa. Amekonda, amepauka, na mara mbili ametibiwa malaria ingawa kipimo hakikuonesha vimelea. Kwa mtu wa namna hii, kupima wingi wa damu, figo, protini jumla na albumini ni jambo la lazima. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuziua figo ambazo tayari zimelemewa na protini za mieloma. Ucheleweshaji wa miezi michache unaweza kuwa tofauti kati ya mtu anayetibiwa akitembea na mtu anayefikishwa hospitali akiwa amepooza miguu au figo zimeshindwa.

Jambo lingine la kuzingatia ni kwamba baadhi ya wagonjwa wa mieloma hutoa vipande vidogo tu vya kingamwili, ambavyo hupita kwenye mkojo. Protini jumla yao huweza kuonekana ya kawaida, na karatasi ya kupimia mkojo, ambayo hutambua zaidi albumini, huweza kusema hakuna tatizo. Hivyo, dalili zikiwepo, jibu moja la kawaida halitoshi kuufunga uchunguzi.

Matibabu ya mieloma yapo nchini. Hutolewa katika hospitali zenye wataalamu wa magonjwa ya damu na saratani, zikiwemo Hospitali ya Taifa Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Muhimbili ilianza huduma ya kupandikiza uloto mwaka 2021, na wagonjwa wa mieloma walikuwa miongoni mwa walionufaika wa kwanza.

Kingamwili nyingi si kinga imara

Ipo dhana kuwa mtu mwenye kingamwili nyingi ana kinga kubwa kuliko wenzake. Dhana hiyo si sahihi. Mgonjwa wa mieloma ana protini nyingi ajabu, lakini zote ni za umbo moja lisilo na kazi, huku kingamwili za manufaa zikiwa zimepungua. Mgonjwa wa VVU asiyetumia dawa ana IgG nyingi na bado hushambuliwa na maradhi nyemelezi. Wingi si ubora.

Ni vyema pia kutofautisha vipimo viwili. Kipimo cha jumla hupima wingi wa kingamwili zote. Kipimo mahsusi hutafuta kingamwili ya ugonjwa mmoja, kama kile cha VVU. Kimoja hakiwezi kutumika badala ya kingine. Aidha, IgG ya mama hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana mtoto mchanga wa mama mwenye VVU huweza kuonesha kingamwili za mama yake hadi kufikia umri wa miezi 18 bila yeye kuambukizwa, na watoto hao hupimwa kwa kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe.

Wananchi wanaonywa dhidi ya mambo mawili. La kwanza ni kununua dawa zinazodaiwa kuongeza au kusafisha kinga, kwani hazigusi chanzo cha tatizo. La pili ni kutumia prednisoloni au deksamethasoni bila kuandikiwa na daktari. Dawa hizo huweza kumpa mgonjwa nafuu ya muda na kuficha dalili, huku zikikipa kifua kikuu au minyoo nafasi ya kusambaa.

Njia ya kufuata kutoka Nalasi

Uchunguzi huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Hapo mgonjwa huelezwa na kupimwa mambo ya msingi: malaria, VVU, wingi wa damu, mkojo, choo na makohozi pale dalili zinapoelekeza. Asilimia kubwa ya kazi hufanyika hapa, kwa kuwa maambukizi yanayotibika ndiyo hutangulia kutafutwa.

Sababu isipopatikana, au dalili zikiwa nzito, mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya mjini Tunduru kwa ajili ya vipimo vya kemia ya damu, ini, figo na picha. Kutoka hapo, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Songea, umbali wa zaidi ya kilomita 200 kutoka Tunduru, ndiyo ngazi inayofuata. Elektroforesisi na uchunguzi wa uloto hufanyika katika ngazi za juu zaidi. Katika hali nyingi mgonjwa mwenyewe hana haja ya kusafiri kwa ajili ya kipimo hicho cha protini, kwa kuwa sampuli ya damu inaweza kutumwa, hivyo amuulize daktari wake kabla ya kutumia nauli.

Mgonjwa anashauriwa kwenda na mambo manne: karatasi zote za majibu ya awali, orodha ya dawa anazotumia zikiwemo za asili, taarifa za safari na kazi alizofanya, na tarehe dalili zilipoanza. Baada ya maambukizi kutibiwa, kipimo cha protini kirudiwe kwa muda atakaoelekezwa. Kingamwili hazishuki kwa siku moja. IgG huchukua takribani wiki tatu kupungua kwa nusu hata baada ya chanzo kuondolewa. Namba inayoshuka inathibitisha kuwa chanzo kimepatikana, na ile inayobaki juu au kupanda inadai uchunguzi uendelee.

Kwa mujibu wa Sera ya Afya ya mwaka 2007, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano ni miongoni mwa makundi yanayopewa msamaha wa gharama. Mwananchi wa kundi hilo aonane na ofisi ya Serikali ya kijiji na afisa ustawi wa jamii wa kituo husika kabla ya kukata tamaa ya kutibiwa.

Dalili zisizosubiri

Mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyohiyo akionesha mojawapo ya dalili zifuatazo:

- miguu kufa ganzi au kukosa nguvu ghafla, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo;
- kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida;
- kutokwa damu puani au kwenye fizi kusikokoma, pamoja na kuona ukungu;
- mkojo kupungua sana au kukoma;
- kutapika damu;
- homa kali yenye kupumua kwa shida.

Wananchi wenye maswali ya afya wanaweza kupiga simu bila malipo namba 199 ya Kituo cha Huduma kwa Mteja cha Wizara ya Afya, au kuwaona wahudumu wa afya ngazi ya jamii katika vijiji vyao. Wenye umri wa miaka 50 na kuendelea ambao wana maumivu ya mgongo yaliyodumu zaidi ya mwezi mmoja, pamoja na uchovu au kupungua damu, wanahimizwa kwenda kupimwa sasa na kuomba wazi kupimwa protini jumla na albumini.